Ijumaa za Mnyonya Damu

Baba mkwe wangu anampenda mnyonya damu. Naanza na hilo mapema, usije baadaye ukasema nilikuficha. Na sisemi mumiani, yule tuliyetishiwa utotoni kwamba anapita na gari na kuchota damu za watu. Nasema yule wa filamu za zamani za Ulaya: jibwana refu jembamba, joho jeusi hadi visigino, uso umepakwa poda kama bibi harusi aliyerembwa na mtu mwenye haraka, meno mawili ya plastiki yametokeza nje. Mchana linalala ndani ya jeneza. Usiku linatoka kwenda kuuma shingo za wasichana waliovaa magauni ya kulalia. Jamani, hao wasichana nao! Wanaliona linakuja, taratibu, limenyoosha vidole, dirisha liko wazi na mlango uko wazi, lakini hawakimbii. Wanaweka mkono kwenye paji la uso, wanaanguka kwa mapozi.

Anaitwa Mzee Kitwana. Ni Mzaramo, kazaliwa Mzenga, na maisha yake ya kazi aliyamalizia Ruvu kwenye mitambo ya maji. Alipostaafu akajenga hapa juu Kisarawe mjini, nyuma ya ofisi za wilaya, nyumba ya vyumba vitatu na uwani penye mihogo. Mkewe, Bi Mwanamvua, alitangulia mbele ya haki. Mtoto wao ni mmoja tu, Ashrafu, ndiye mume wangu, dereva wa malori ya masafa marefu. Leo yuko Tunduma, kesho Lubumbashi, nyumbani anakuja kama mgeni na anaondoka kama mgeni. Mungu hajatujalia mtoto. Kwa hiyo nyumba nzima ni mimi na baba mkwe, na mkwe na mkwe wana maneno gani ya kuzungumza? Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Chai tayari baba. Haya mwanangu. Basi, siku imekwisha.

Mimi naitwa Hamisa, ni Mnyamwezi wa Tabora. Huku Uzaramoni nililetwa na baba yangu mdogo, Amiri, seremala wa Maili Moja, Kibaha. Yeye na Mzee Kitwana walijuana ujanani, Amiri alipokuja Ruvu kufunga milango ya nyumba za wafanyakazi. Siku ya kwanza tu walitukanana. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya Bagamoyo, hilo halihitaji kufundishwa: unamtukana, anakutukana, na atakayekasirika ndiye mwenye kasoro. Wale wawili walitukanana mpaka wakawa hawawezi kukaa wiki bila kuonana. Na katika kutaniana huko Amiri akasema, nina binti wa kaka yangu huko Tabora, nimlete aolewe na mwanao, angalau damu yenu ichanganyike na ya watu wanaofanya kazi. Mzee Kitwana akajibu, mlete, tulikuwa tunatafuta mbeba mizigo. Ndivyo nilivyoposwa mimi, usicheke.

Filamu zenyewe ziliingia nyumba hii kupitia mhandisi mmoja wa Kizungu. Alipomaliza mkataba wake Ruvu, alimwachia Mzee Kitwana deki na sanduku la kanda. Wenyewe walitegemea karate au Wahindi. Wakaziwasha nje, kwenye kambi ya wafanyakazi, watu wamekaa kwenye mikeka na watoto mapajani. Lilipotoka lile jibwana kwenye jeneza na kuuma shingo, kambi nzima ilisambaa. Mumiani! Kumbe wazee walisema kweli, kumbe wale Wazungu wa mitambo ndiyo kazi yao! Kuna mama alikimbia akamsahau mtoto, kuna mlinzi akapiga filimbi. Baba mkwe anasema hata yeye alikuwa ameshasimama, kiatu kimoja mkononi.

Aliyebaki amekaa ni Amiri. Alikuwa anatazama popo. Kwenye filamu ile jibwana lilikuwa limegeuka popo, na popo ni kitambaa cheusi kimefungwa uzi, na uzi unaonekana, tena unameremeta. Amiri akasema kwa sauti, "Jamani rudini! Wamemfunga popo kamba kama mbuzi wa akika!" Wakarudi mmojammoja. Wakatazama uzi. Kicheko kilichoanza pale, baba mkwe anasema, kilisikika ng'ambo ya mto.

Basi tangu hapo ikawa mila yao. Kanda zikachoka, zikahamishiwa kwenye diski, diski nazo zikachunika, kijana wa duka la simu hapa Kisarawe akazitia kwenye flashi. Kila Ijumaa baada ya swala, Amiri anapanda gari kutoka Kibaha, anakuja, wanakula wali, wanafunga mapazia na kuwasha. Wenyewe lugha hawaijui. Nyingine ni Kiitaliano, nyingine Kijerumani, nyingine Kiingereza cha kunong'ona kama watu wanaojificha. Kwa hiyo Amiri alikuwa anatafsiri. Namna gani, na lugha haijui? Anatunga!

"Huyu mwenye kasri ni Mzaramo, mtazame! Mchana kutwa amelala, jua likizama anaoga, anavaa, anakwenda ngomani!"

"Na huyo mwenye kibiongo anayembebea sanduku ni nani?" anajibu baba mkwe. "Si Mnyamwezi huyo! Kubeba hamjachoka tu, kutoka Ujiji mpaka Ulaya?"

"Hebu sikia bawaba za jeneza zinavyolia! Mimi nikimpelekea mtu kitanda kinalia hivyo, bibi harusi atakirudisha asubuhi."

"Na damu gani hiyo? Hiyo juisi ya rozela! Wameongeza na sukari!"

"Kitunguu saumu! Jitu zima linakimbia kitunguu saumu! Lialikwe Maulidi hapa Kisarawe, likinusa pilau tu tunalizika siku hiyohiyo."

Mimi yote hayo nilikuwa nayasikia tu. Niliko ni koridoni, nyuma ya pazia, nachambua mchele au napasi nguo. Siku ya kuingia nyumba hii, marehemu Bi Mwanamvua alinikalisha akaniambia, "Wewe kwa kabila ni mtani wetu, lakini kwa ndoa ni mkwe. Utani wako uache mlangoni pamoja na viatu." Nikaitika. Kwa hiyo mimi na mdomo wangu huu, mdomo ambao sokoni wanaujua, nikiingia sebuleni na chai napiga goti, natazama chini. Na baba mkwe akinisikia nakuja anaikamata rimoti upesiupesi, anahamia taarifa ya habari, maana pale kwenye kioo kuna msichana ameumwa shingo na gauni limemshuka bega, na mkwe hatazami mambo hayo na mkwewe. Baba mdogo ananitazama, mabega yanamtikisika kwa kucheka. Nikitoka wanarudi kwenye jibwana lao.

Lakini nimechungulia, sikatai. Mara nyingi. Na nikwambie kilichonipendeza: wale waigizaji hawacheki hata mmoja. Moshi unafuka kama mtu anachoma majani mabichi, ukuta wa kasri unatikisika mlango ukifungwa, popo ana uzi, na wao wamekaza nyuso, wanaamini kabisa. Filamu ilitengenezwa kutisha watu, ikashindwa vibaya, na katika kushindwa kwake ikawa tamu. Koridoni kwangu nilikuwa nang'ata khanga nisisikike. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuwa na watu.

Na walikuwa na ahadi. Kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuvuruga, kila mtu analijua hilo: anazuia mlango maiti isitoke, anamwigiza marehemu anavyotembea, anatukana waliofiwa mpaka wacheke huku machozi yanawatoka. Wale wawili walipanga kila kitu. Atakayetangulia, mwenzake atakuja na joho jeusi, atasimama mlangoni kama lile jibwana, ataonyesha meno. Amiri alikuwa anasema, "Wewe Kitwana ukifa nitaingia mwanandani kwanza mimi, nilale, niwaambie hapa pana mtu, mpelekeni kwingine." Baba mkwe anacheka mpaka anakohoa. Hilo joho lake nilimshonea mimi mwenyewe, kwa bitana ya koti kuukuu. Aliniagiza bila kuniambia la nini, na mimi nikashona bila kuuliza.

Baba mdogo Amiri alikufa mwaka jana, asubuhi, kwenye karakana yake, randa mkononi.

Tulikwenda Kibaha mimi na baba mkwe. Njia nzima amepakata mfuko wa plastiki wenye joho. Tulipofika, mimi nikaingia ndani kwa wanawake. Nikalia, lakini kwa adabu, maana mkwe wangu yuko nje pale dirishani. Wakati wa kutoa jeneza nikamwona. Amevaa joho. Amesimama katikati ya mlango, amenyoosha mikono, vidole vimekunjwa, na meno ya ganda la chungwa mdomoni. Mtu mzima yule! Akasema kwa sauti nzito, "Hatoki mtu hapa! Huyu ana deni langu la matusi!"

Hakucheka mtu.

Watoto wa baba mdogo wamekulia mjini, wana wageni wa ofisini, wana mpiga picha. Utani wa misibani hawaujui. Mkubwa wao, Twalibu, akamfuata baba mkwe, akamshika mkono kwa upole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alikuwa mpole. "Shikamoo mzee wangu. Tafadhali mzee. Tupo kwenye msiba." Akamvua lile joho mabegani, akalikunja vizuri, akamkalisha kwenye kiti cha mbele pamoja na masheikh. Akampa chupa ya maji. Baba mkwe akatoa yale maganda ya chungwa mdomoni, akayashika mkononi, jeneza likapita mbele yake.

Mimi dirishani nilichemka kwa hasira. Twalibu ni ndugu yangu, mtoto wa baba yangu mdogo, ningeweza kutoka nikampa maneno yake mbele ya hao wageni wa ofisini mpaka atafute pa kuuweka uso. Lakini mkwe hafungui mdomo mbele ya mkwewe. Nikaufunga.

Kwenye gari la kurudi alisema neno moja tu. Alisema, "Wamenipa kiti."

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Ijumaa ya kwanza nilipika wali kwa mazoea, wa watu watatu, akala kidogo akasukuma sahani. Hakuwasha TV. Alikaa sebuleni anatazama kioo cheusi mpaka alasiri. Ijumaa iliyofuata hivyohivyo. Jirani mmoja alikuja kumpa pole, mimi niko koridoni, nikamsikia baba mkwe anasema, polepole kama mtu anayeeleza ugonjwa: "Tangu Amiri afe sijatukanwa. Nikitoka nje ni shikamoo mzee, shikamoo mzee, wananipisha njia. Hakuna anayenijua tena. Na mimi zamu yangu ikifika, nani atanizuia mlangoni? Nitapita tu kama mzigo." Yule jirani, masikini, akamwambia, "Mzee wangu, wewe tunakuheshimu sana." Nilitaka kumtupia mwiko.

Akaanza kupungua. Kanzu zikampwaya, kofia ikamshuka mpaka kwenye nyusi. Msikitini akawa anakwenda Ijumaa tu, na akirudi analala. Nikampeleka hospitali, wakapima kila kitu, wakasema mzee hana tatizo. Hana tatizo! Namwona anaondoka mbele ya macho yangu, nampikia supu anaiacha ipoe, wao wananiambia hana tatizo. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa siku moja nitapiga hodi na chai, nisiitikiwe. Na akiondoka yeye, mimi humu ndani nitabaki na nani?

Nikaona nimtafutie mtu. Kuna mwalimu jirani yetu, Evodius, Mhaya wa Bukoba, kijana mwema kupita kiasi. Nikamwambia, njoo Ijumaa utazame na mzee filamu zake, umchangamshe. Akaja na shati la mikono mirefu. "Shikamoo mzee." Akakaa ukingoni mwa kochi, magoti pamoja. Nikasikia muziki wa jibwana, nikasikia jeneza linalia bawaba, nikasubiri. Evodius akasema, "Ni filamu ya zamani, lakini ina mafunzo." Yarabi! Jibwana lina meno ya plastiki, mtu ananiambia mafunzo! Popo akapita na uzi wake, Evodius akasema, "Kwa teknolojia ya wakati ule wamejitahidi." Baba mkwe akamshukuru sana, akazima, akaingia chumbani. Chakula cha jioni hakukigusa. Sasa Evodius ana kosa gani? Mhaya si mtani wa Mzaramo, hata angetaka asingejua pa kuanzia. Kosa langu mimi, niliyekwenda kuomba kwa jirani kitu kilichomo ndani.

Nikampigia Ashrafu simu, yuko Tunduma kwenye foleni ya mpaka. Nikamweleza. Akasema, "Mtunze tu mke wangu. Mpe heshima yake." Nikakata simu. Heshima! Heshima ndiyo inayomuua, nyie hamuoni? Nimempa heshima tangu nilipoingia humu, goti chini, macho chini, heshima imejaa nyumba mpaka hakuna pa kukaa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimfikiria Bi Mwanamvua na yale maneno yake ya viatu mlangoni. Nilijua nikifanya ninachotaka kufanya, kuna mawili: ama mzee atacheka, ama atamwita Ashrafu na kumwambia mkeo amenivunjia adabu, na mkwe aliyemtukana mkwewe anarudishwa kwao, hata sokoni hatetewi. Tabora kwetu wazazi hawapo. Kibaha baba mdogo hayupo. Ningerudishwa wapi?

Ijumaa ikafika. Baba mkwe akarudi kutoka msikitini, akakaa mahali pake. Nikaingia, nikapiga goti, nikaweka chai. Halafu sikutoka. Nikaichukua flashi kwenye droo, nikaichomeka, nikachagua ile ya popo, nikawasha. Akanitazama. Rimoti ikaniponyoka. Nikaiokota, nikaiweka karibu na kikombe, nikatoka, nikasimama koridoni nyuma ya pazia. Muziki ukaanza. Upepo. Mbwa wanalia. Mimi sihitaji kuona, filamu ile naijua kwa masikio kutoka mwanzo mpaka mwisho. Jeneza likalia.

Nikafungua mdomo.

"Mzaramo huyo anaamka," nikasema. "Jua limezama, sasa ndiyo anaamka. Ngoma inapigwa wapi leo?"

Filamu inaendelea, yule msichana anaongea Kiitaliano chake. Nikasema, nimeshaingia majini, niogelee.

"Mtazame kanzu inavyompwaya! Amekonda kama mpini wa jembe, na jembe lenyewe hajawahi kulishika. Wewe mzee wa Kizaramo, umekaa hapo unangoja nini? Unangoja mnazi ukudondoshee nazi na kukufulia?"

Sauti ya TV ikapungua. Alikuwa ameipunguza mwenyewe. Baba mkwe akauliza, na sauti yake ilikuwa nzito, sikuweza kujua ni hasira au nini:

"Nani anayenitukana ndani ya nyumba yangu?"

Hapo nilijiona nimeshika begi langu stendi. Lakini nitarudi nyuma vipi?

"Mnyamwezi," nikasema.

"Mnyamwezi yupi? Wanyamwezi wangu wamekwisha."

"Amebaki mmoja. Yule mliyemleta awabebee mizigo."

Halafu nikasikia kitu ambacho sikukisikia Kibaha mlangoni, wala makaburini hawakukisikia waliokwenda, wala kwenye gari. Baba mkwe wangu alilia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, analitaja jina la Amiri, na katikati ya kulia akanitukana: "Mbeba mizigo we, umekuja na kelele zako!" Kisha akalia tena. Na mimi nami yakanitoka, yote ya baba mdogo niliyoyabana tangu siku ile dirishani.

Ningekuwa binti yake ningeingia nimshike bega. Ningekuwa mjukuu ningemkalia karibu. Mkwe haingii kumfuta mkwewe machozi, hilo hata utani haulifungui. Basi nikabaki pale pale nilipo, nimeshika pazia, machozi yananitiririka mpaka kidevuni, nikamtukana Mzaramo yule kwa sauti kubwa, yeye, na ukoo wake, na mihogo yake, na kila aliponyamaza nikaogopa, nikaongeza matusi.